Kaunta Buku la Maswali

Kabla simu haijawa darasa, swali la mtihani lilikuwa mali hapa Subukia. Lilifichwa chini ya godoro, likaazimwa kwa masharti, na mwenye maswali mengi aliheshimiwa kuliko mwenye majibu. Nilisoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1990, KCSE yenyewe, mtihani wa kumaliza sekondari, ikiwa bado changa. Ilifanywa mara ya kwanza mwaka wa 1989, kwa hivyo waliotutangulia hawakuwa wengi wa kutosha kutuachia urithi wa karatasi. Pengo hilo walimu waliliziba kwa stensili. Mashine ya kuchapia ilikaa ofisini, harufu ya wino wake ikitufikia darasani, nasi tukiinusa tulijua mtihani u karibu.

Karatasi za mitihani ya mwigo ya wilaya nyingine zilikuja kwa matatu. Kaka au binamu wa mtu, anayesoma Nakuru au Nyahururu, alimkabidhi utingo bahasha, naye utingo akaitoa kituoni akidai chai yake. Mwenye bahasha alitaka karatasi zake asubuhi, hivyo usiku tulikesha kwenye koroboi, mmoja akisoma na wengine tukinakili. Wengi wetu tulinakili maswali yalivyofuatana, la kwanza hadi la mwisho, tukafunga daftari na kulala. Mwenzetu mmoja, mwana wa mkulima wa kahawa upande wa Kabazi, hakufanya hivyo. Daftari lake lilikuwa limegawanywa kwa mada tangu mwanzo, na kila swali lilikwenda kwenye ukurasa wa mada yake, likiandikwa pembeni lilikotoka na mwaka wake. Mitihani ilipokaribia, sisi tulipekua, yeye alifungua tu.

Nilikuja kuwa mwalimu wa Kiswahili na historia, nikarudi kufundisha papa hapa. Kwa asiyepajua, Subukia ni bonde lililo kati ya Nakuru na Nyahururu. Barabara hutoka Bahati ikateremka kwa kona hadi mjini, kisha hupanda tena kuelekea Nyahururu. Wakatoliki wanapajua kwa madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, ambako mahujaji hufurika kila Oktoba. Wafanyabiashara wa Nakuru wanapajua kwa ndizi, nyanya na maparachichi. Vijana wanapajua kwa jambo moja la ziada: netiweki hupenda mgongo wa mlima kuliko sakafu ya bonde.

Miaka ya 2000 ilileta saiba. Tulikwenda Nakuru, tukalipa kwa dakika, tukangoja ukurasa ufunguke huku pesa zikiyeyuka. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 mambo yalienda kasi, na baada ya muda mfupi kila mwalimu alikuwa na flashi shingoni kama rozari. Ndani yake mlikuwa na mamia ya faili. Ukikosa kuzikagua ungedhani umetajirika. Majina yake yalikuwa ‘hisabati mpya’, ‘hisabati mpya kabisa’, ‘hisabati ya mwisho’ na ‘usifute’. Tulikuwa tumetoka kwenye uhaba tukaingia kwenye ghala lisilo na rafu, na nadhani hapo ndipo walimu wengi wa rika langu tulipoanza kudanganyika kwamba kuwa na maswali ni sawa na kuyapata.

Kisha simu ikapata jina baya. Mtihani wa 2015 ulivuja, karatasi zikazunguka kwa WhatsApp, na Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani, KNEC, na Profesa George Magoha akawekwa kuwa mwenyekiti wake. Tangu hapo mwanafunzi mwenye simu na swali mkononi alitazamwa kama mwenye mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani, soksini. Matapeli nao walifungua vikundi vya Telegram vya kuuza karatasi bandia kwa wazazi wenye hofu. Ilipofika 2020, basi, tulikuwa na simu lakini hatukuwa na mazoea ya kuulizana kwa simu bila kuona haya.

Jumapili ya tarehe 15 Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Wa kutwa walibaki nyumbani kuanzia kesho yake, wa bweni wakapewa siku chache za kusafiri. Hapa kwetu maana yake ilikuwa nyepesi: watoto walienda shambani. Kabla ya mwisho wa Machi ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Serikali ilipanua masomo ya redioni kupitia KBC, na taasisi ya mitaala, KICD, ikaongeza vipindi vya runinga. Redio ilisikika. Runinga ilikuwa suala la nani ana umeme na nani ana runinga. Waliokuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe, walipiga *291#, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza, iliyotolewa bila malipo kwa muda, na humo mwanafunzi angeweza kumwandikia mwalimu swali kwa ujumbe mfupi akajibiwa. Niliipenda huduma ile kwa sababu moja: ilimlazimu mtoto kuandika swali lake kwa maneno.

Kikundi chetu cha WhatsApp hakikuanzishwa na mwalimu. Kilianzishwa na mama mmoja mwenye duka la pembejeo, aliyechoka kuona mwanawe wa Kidato cha Nne akilala mchana. Aliongeza wazazi, wazazi wakaniongeza mimi, nami nikawaongeza wenzangu wa hisabati, kemia na kilimo. Kwa kuwa simu zilikuwa za wazazi, usiku ungeona Mama Mboga akiuliza kuhusu logi na Fundi Pikipiki akitaka kujua tofauti ya mofimu huru na mofimu tegemezi. Tulizoea.

Wiki za kwanza zilikuwa vurugu. Picha za maswali zilichanganyika na maua ya ‘habari ya asubuhi’, maombi, na tiba za korona za kitunguu saumu. Picha nyingine zilikuwa zimepigwa kwenye giza, nyingine zimekata kipengele (b), nyingine zinaonyesha kidole gumba kuliko pembetatu. Chini yake neno moja: ‘Saidieni.’ Swali lililojibiwa asubuhi lililetwa na mwingine adhuhuri, na la adhuhuri likarudi usiku. Mwenzangu wa hisabati alijibu, akajibu, kisha akanyamaza. Nilipompigia aliniambia, ‘Mwalimu, mimi sikatai kufundisha. Nakataa kupiga mwangwi.’

Ukichunguza, kosa halikuwa la watoto. Kifaa chenyewe kilikuwa na tabia zake. Utafutaji wa WhatsApp wakati huo ulisoma maneno yaliyoandikwa na haukuona kilichomo ndani ya picha, hivyo swali lililopigwa picha bila maneno lilipotea pale pale lilipotumwa. Aliyejiunga leo hakuona chochote cha jana. Kikundi kilikuwa na ukomo wa watu 256, na tulipofika hapo tukafungua cha pili, maswali yakawa yanaulizwa huku na kujibiwa kule. Tena simu ya mama ikijaa, picha za hesabu hufutwa kabla ya picha za harusi. Jibu zuri, lililotolewa kwa subira na mwalimu aliyepanda mlimani kutafuta netiweki, liliishi siku mbili.

Aliyetutoa hapo ni msichana mtahiniwa, wa familia isiyo na la kujivunia isipokuwa ng'ombe wawili. Aliniandikia kando, si kikundini, kwa adabu: ‘Samahani Mwalimu, kwani maswali haya hayana namba zake?’ Nilimwambia yana namba, la tisa, la kumi. Akasema, ‘Hapana Mwalimu, ile namba ya juu.’

Alikuwa na maana ya msimbo wa KNEC, ule ulioko juu ya kila karatasi ya KCSE, ambao nilikuwa nimeutazama miaka yote bila kuufanyia kazi. Kiswahili ni 102, hisabati 121, biolojia 231, fizikia 232, kemia 233, historia 311, kilimo 443. Mkwaju unafuata, kisha karatasi: 102/3 ni fasihi, 311/1 ni historia na serikali ya Kenya. Yeye aliongeza mwaka na namba ya swali. Kwa hivyo 121/2/2016/9 ni swali la tisa, hisabati karatasi ya pili, mwaka wa 2016, na hakuna swali jingine nchini lenye jina hilo. Alitaka kila picha iandikwe msimbo huo chini yake, pamoja na maneno mawili matatu ya mada. Basi.

Uzuri wake ulikuwa katika wepesi. Namba hazihitaji tahajia. Mama Mboga aliweza kuziandika akiwa gengeni, na mtoto wa kabambe aliweza kumtumia mwenzake mwenye simu kubwa amtafutie. Kwa mitihani ya mwigo tuliweka herufi za eneo mwanzoni. Yalibaki maswali yasiyo na karatasi, yale mtoto ameyawaza mwenyewe, nayo binti akayapa neno YANGU. Mimi niliona ni kapu la takataka. Likawa sehemu niliyoisoma kwa hamu kuliko zote. Mmoja aliuliza kwa nini maharagwe ya shangazi yake kule Nyahururu huchelewa kuiva kuliko ya huku bondeni. Mwalimu wa fizikia akaeleza shinikizo la hewa na jinsi maji yanavyochemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, kisha kwa uaminifu akaongeza kwamba tofauti ya hapa na Nyahururu ni ndogo, na huenda tatizo ni kuni mbichi za shangazi.

Msimbo pekee usingetosha, kwa sababu wapya hawakuona ya zamani. Hapo ndipo lilipoingia kaunta buku. Nilinunua moja la jalada gumu, binti akalichora mistari: msimbo, mada, nani amejibu, tarehe ya jibu. Tarehe ndiyo iliyokuwa ufunguo, maana mwenye mazungumzo yote katika simu yake angeweza kurudi siku hiyo akalinyofoa jibu na kulituma upya. Kila jioni tulililinganisha na kikundi. Aliyejiunga alitumiwa picha za kurasa za kaunta buku kabla hajauliza lolote. Anayeuliza lililokwisha kujibiwa alipewa mstari mmoja: ‘Limejibiwa tarehe fulani, nakuletea.’ Hakuna aliyefokewa.

Hili la kutofokeana si dogo. Baadaye nilikuja kujua kwamba waandishi wa programu za kompyuta duniani wana ukumbi wao mkubwa, Stack Overflow, ulioanzishwa mwaka wa 2008, na kwamba wao pia hubandika kila swali vitambulisho vya mada na hulifunga swali la kurudiwa kwa kulielekeza kwa la kwanza. Nilifurahi kuona tumewaza sawa. Lakini ukumbi ule umelaumiwa miaka mingi kwa ukali wake kwa wageni. Sisi tusingeweza. Ukimkaripia mtoto wa mtu kikundini saa mbili usiku, kesho saa mbili asubuhi unakutana na mamake sokoni, naye ndiye anayekuuzia nyanya. Sidhani ni wema uliotufanya wapole, ni ujirani.

Katika somo langu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Vitabu teule vya Kiswahili vilikuwa Kigogo cha Pauline Kea, Chozi la Heri cha Assumpta Matei na mkusanyiko wa hadithi fupi, Tumbo Lisiloshiba. Swali la muktadha wa dondoo lina alama zake nne zinazojulikana: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Watoto walituma dondoo lenyewe na kuuliza, ‘Hii ni ukurasa upi?’ Nikaona kurasa zinatuchelewesha, kwa kuwa wengine walikuwa na nakala chakavu zilizokosa kurasa na wengine walisoma muhtasari tu. Tukaacha kurasa. Kigogo kikapangwa kwa tendo na onyesho, Chozi la Heri kwa sura, na chini ya kila onyesho majina ya wanaozungumza. Mwishowe kaunta buku lilionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka ya kufundisha: maswali yalirundikana kwenye sehemu zile zile chache, na kulikuwa na sura nzima ambazo hakuna mtoto aliyeziuliza. Kutouliza kwao hakukuwa dalili ya kuzielewa. Walikuwa hawajazisoma. Rafu tupu iliniambia mengi kuliko rafu iliyojaa, nikaanza kutuma maswali yangu mwenyewe kwenye sehemu hizo.

Kilimo kilileta sauti. Swali la 443 kuhusu kupogoa kahawa, mfumo wa shina moja na wa mashina mengi, lilipotumwa, mzee mmoja mkulima alirekodi ujumbe wa sauti mrefu, jogoo akiwika nyuma yake. Alieleza mkasi unashikwaje, tawi lipi ni mwizi wa chakula, mti unakatwa ncha ukifika urefu gani. Hakuna kitabu nilichosoma kinachoeleza vile. Ila sauti nayo haitafutiki, na mwongozo wa usahihishaji haumjui mzee. Tukampa kila mwenye ujumbe wa sauti karani, mara nyingi mjukuu wake mwenyewe, auandike kwa mistari minne ya kimtihani. Ule wa sauti tuliutunza kando. Mzee alituuliza kwa nini tunapunguza maneno yake, na mwenzangu wa kilimo akamjibu, ‘Mzee wangu, hawa wanasahihishwa na mtu asiye na shamba.’

Waliokosa simu kabisa walikuwepo, na nisingependa kumbukumbu hii iwafute. Watoto wa vibarua wa mashambani hawakuwa na simu ya mama wala ya jirani. Kwao binti alinakili maswali ya wiki kwa mkono, yenye msimbo, akabandika ukutani kwenye duka la pembejeo. Walisoma wakiwa wamesimama wamevaa barakoa, wakaacha majibu kwa vipande vya karatasi. Baadhi ya majibu hayo yalikuwa bora kuliko ya kikundini, ila yalifika machache.

Mwaka huo pia tuliambiwa intaneti itashuka kutoka mbinguni. Julai 2020 Telkom Kenya na kampuni ya Loon ya Marekani zilizindua huduma ya kurusha mtandao kwa mabaluni yaliyoelea juu sana angani, katika sehemu za magharibi na kati mwa nchi. Vijana walikodoa macho juu. Januari 2021 Loon ikatangaza inafunga kazi. Sisi tuliendelea kupanda mlima.

Kidato cha Nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, wakafanya KCSE yao Machi na Aprili 2021, na matokeo yakatangazwa tarehe 10 Mei. Sitasema kikundi kilipandisha alama za mtu. Hakuna aliyepima, na waliofaulu walikuwa na sababu nyingine nyingi. Ninachoweza kusema ni kwamba mwalimu wa hisabati alirudi kikundini na hakuondoka tena. Binti mwenyewe alifuzu, akasomea kazi ya maktaba, jambo ambalo mamake alilipokea kwa mashaka mpaka alipopata mshahara wa kwanza.

Siku hizi mtoto huandikia mashine swali lake na kujibiwa kabla hajameza mate, na vikundi vya Telegram vina maelfu ya faili. Sina ugomvi na hayo. Ila nikiingia humo naiona ile flashi yangu ya zamani: kila mtu anaweka, hakuna anayepanga, na swali la leo litaulizwa tena kesho na mtu asiyejua kwamba lilishapata mwenyewe. Kujibu kunaonekana na kunasifiwa. Kupanga hakuonekani, na kwa uzoefu wangu ndiko kulikohifadhi kazi ya wanaojibu.

Misimbo ile inaelekea ukingoni. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari ya juu Januari 2026, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka wa 2027. Masomo mapya yana majina mapya, na maswali yake yameanza kumiminika kwenye simu za wazazi bila anwani yoyote. Mwalimu unayefungua kikundi cha Gredi ya 10 muhula huu, kubalianeni namna ya kuliita swali siku ya kwanza, kabla ya la pili kutumwa, na umpe mmoja wa wanafunzi kaunta buku.